Salamu kutoka Antiokia

Gregori Tarimo alikuwa mtu wa benchi la nyuma. Si kwamba alichelewa kufika. Alifika kabla ya wote, akafungua madirisha, akapanga viti, akaweka kitabu cha nyimbo juu ya kila kiti, kisha akaenda kujibanza kwenye pembe karibu na mlango, nyuma ya nguzo. Watu wa Misa ya Kiswahili pale Alexandria, ile ya Amerika karibu na Washington, walimzoea kama walivyoizoea ile nguzo. Walijua yupo. Sauti yake waliijua wachache.

Aibu hiyo alizaliwa nayo. Kwao Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alimaliza shule ya msingi bila kunyosha mkono darasani hata siku moja. Siku ya harusi yake, padri alipomwuliza kama anamkubali Irene awe mke wake, alikaa kimya mpaka ndugu wa bibi harusi wakaanza kutazamana. Irene akamkanyaga kidole cha mguu, ndipo neno likatoka. Mpaka leo Irene huwaambia majirani kule Rombo, "Mume wangu nilimpata kwa kumkanyaga."

Amerika aliletwa na upishi. Ofisa mmoja wa ubalozi alimchukua awe mpishi wa nyumbani, na ofisa aliporudishwa Dar es Salaam, Gregori alikuwa amekwisha kuipata ile bahati nasibu ya makaratasi ya ukaazi ambayo wenzake waliiomba kwa kufunga na kusali. Akabaki. Akapata kazi ya kuegesha magari katika maegesho ya chini ya jengo moja la ofisi, si mbali na stesheni ya treni ya King Street. Kazi ilimfaa. Mwenye gari anakupa ufunguo, unampa tiketi, hakuna hotuba. Kila mwezi alituma nyumbani alichopata, na kila Jumamosi alinunua kadi ya simu akaongea na Irene. Au tuseme, Irene aliongea.

Katika kibanda cha maegesho alikaa na Ameir, Mzanzibari wa rika lake, mwenye maneno ya watu wawili. "Wewe Gregori," Ameir alipenda kusema, "hata gari likikuponda utaona haya kupiga kelele." Gregori alicheka tu, akimenya chungwa.

Juu kidogo ya ngazi za maegesho, kwenye ujia wa kuingilia jengoni, palikuwa na kiduka chembamba cha fundi viatu. Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa masharubu meupe aitwaye Mitri. Watu wote pale walijua ni Mturuki, kwa sababu mwenyewe alisema ametoka Uturuki, na hakuna aliyeuliza zaidi. Yeye na Gregori walielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja na makosa yake. Asubuhi mzee alipika kahawa kwenye kisufuria kidogo cha shaba chenye mkono mrefu, nyeusi, nzito, akampa Gregori kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. Mara nyingi walikunywa bila kusema kitu. Mtu mwenye aibu na mtu mwenye upweke hawahitaji mengi.

Basi, mwezi wa sita mwaka wa tisini na nane, Gregori alipanda ngazi akakuta rafu za duka zimekuwa tupu. Mzee Mitri alikuwa akifunga nyundo na koleo katika kipande cha turubai.

"Naondoka," mzee akasema. "Jumatatu. Binti yangu ananitaka Michigan. Anasema, baba, mama hayupo tena, unakaa na nani huko?"

Gregori akamshikia ncha ya turubai. Mzee akafungua kabati, akatoa mche wa sabuni, rangi ya majani yaliyokauka, akaunusa kwanza, ndipo akampa. "Chukua. Hii ya nyumbani. Tunapika na mafuta ya mti wetu."

"Nyumbani Istanbul?"

"Hapana, hapana. Mbali. Antakya." Mzee akaona jina halikuingia. "Zamani, katika Maandiko, wanaita Antiokia."

Gregori alikuwa ameishika ile sabuni puani. Akaishusha polepole.

"Antiokia ya Paulo na Barnaba?"

"Kuna nyingine?" mzee akasema. Akafungua kifungo cha juu cha shati, akamwonyesha msalaba mdogo wa fedha, uliolika pembeni kwa kuvaliwa.

Hapo Gregori akauliza swali ambalo mtu yeyote wa Rombo angeuliza. Huko kwao kila parokia inamjua aliyeileta dini. Kaburi lake liko nyuma ya kanisa, lina msalaba wa chuma na maua, na picha yake, ndevu mpaka kifuani, imetundikwa sakristia. Mzungu fulani, kutoka nchi fulani, alipanda mlima kwa miguu, akafa kwa homa. Ndivyo dini inavyofika mahali. Gregori hakuwahi kuwaza kwamba inaweza kufika vingine.

"Kwenu dini ililetwa na nani?"

Mzee hakuelewa.

"Wamisionari," Gregori akafafanua. "Wa kwenu walitoka wapi? Ufaransa? Ujerumani?"

"Kwetu hawakuja wamisionari."

"Sasa mlijuaje?"

"Alikuja Petro."

"Petro yupi? Padri Petro?"

Mzee Mitri akaweka nyundo chini. "Petro," akasema. "Yule wa samaki. Jogoo akawika. Huyo."

Gregori akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa. Akaitazama mikono ya mzee, yenye gundi kavu kwenye kucha. Tangu utoto, miji ya Maandiko ilikuwa kwake mahali pasipo vumbi, ambapo hakuna mtu anayekohoa wala kukata kitunguu. Aliamini ilikuwepo, lakini kama unavyoamini mambo ya mbinguni. Aliona kwamba kitabu kilipofungwa, na miji ile ilifungwa humo. Kumbe mji ule ule uliosikia habari kutoka kinywani mwa walioona, ulikuwa na mitaa mpaka leo, na mtu wa mitaa hiyo ndiye aliyemwekea soli ya viatu alivyovaa sasa hivi.

"Mji ukoje?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mzee akaacha kufunga vifaa, akamweleza. Kuna mto unaokata katikati. Kuna mlima unaousimamia mji kama ukuta, na ndani ya mlima pango, na pango hilo ni kanisa. Wazee wa wazee walisema Wakristu wa mwanzo walijificha humo wakasali. Maji hudondoka kutoka kwenye mwamba, tone, tone, na akina mama huyakinga wakawapa watoto wagonjwa. Yeye mwenyewe alinyweshwa na bibi yake. Kila sikukuu ya Petro mtume, mwisho wa mwezi huu wa sita, watu hupanda kusali pale. Tetemeko la ardhi limeuangusha mji huo mara nyingi, nao umejengwa tena juu ya vifusi vyake.

"Wakristu mko wengi?"

"Tumebaki wachache. Vijana wanaondoka. Mimi pia niliondoka." Mzee akatikisa kichwa. "Hapa, Greg, nikisema Antiokia, mtu ananitazama hivi. Hajui. Wajukuu wangu hawajui. Nimeishi hapa kama mtu aliyetoka mahali ambapo hapapo."

Maneno hayo yalimchoma Gregori. "Lakini sisi tunaijua," akasema. "Kwetu watoto wasio na viatu wanaijua."

"Watoto wa Afrika? Wanaijua Antiokia?"

"Wote."

Mzee akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayepewa pole ya uongo. "Wewe rafiki mwema, Greg. Unanidanganya vizuri."

"Njoo Jumapili," Gregori akasema. "Njoo kwenye Misa yetu, uone."

Neno lilitoka kabla hajalishika. Mzee akafikiri, akasema hajaingia kanisani tangu mazishi ya mkewe, na tena yeye ni wa Mashariki, si wa Roma. Lakini Jumapili hiyo ilikuwa mkesha wa Petro. Atakuja.

Gregori alishuka ngazi akiwa na furaha mpaka ngazi ya tatu au ya nne. Hapo akakumbuka desturi, akasimama pale pale.

Kwa maana mahali pale mgeni haingii na kutoka kimya kimya. Baada ya matangazo, kila mwenye mgeni husimama mbele ya watu wote, akamtaja mgeni wake jina na atokako, naye mgeni akatoa salamu za kanisa la kwao. Kusanyiko likaitikia, "Tumezipokea!" Ni desturi waliyotoka nayo nyumbani wote, Watanzania, Wakenya na Wakongo, na katika nchi ya ugeni waliishika kwa mikono miwili. Ndiyo sababu miaka yote hiyo Gregori hakuwahi kuleta mgeni.

Jumamosi alikwenda kupanga viti mapema, akamkuta Mama Leokadia, Mhaya wa Bukoba, muuguzi na katibu wa jumuiya, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na Kipkemboi, kijana wa Eldoret aliyeendesha teksi, wakibandika karatasi za matangazo.

"Mama Leokadia, shikamoo. Kesho nina mgeni."

"Wewe?" Mama Leokadia akageuka mzima. "Marahaba! Mgeni wa wapi?"

"Wa Antiokia."

Kipkemboi akaangua kicheko. "Mzee Gregori! Antiokia? Na Jumapili ijayo utuletee mtu wa Ninawi, eti? Aje na yule samaki wake!"

"Nyamaza wewe," Mama Leokadia akasema, lakini naye midomo ilimcheza. "Gregori, mji huo si ulikuwa wa zamani zile?"

"Bado upo. Mgeni wangu ni fundi viatu." Gregori akanyosha kitabu cha nyimbo juu ya kiti. "Nakuomba kitu kimoja, mama. Umtambulishe wewe."

"Nani? Mimi?" Akashika kiuno. "Mgeni ana mwenyeji wake. Mgeni wa Gregori nimtambulishe mimi, Gregori amekufa? Hata mtume mwenyewe akija, nitauliza, nani amekuja naye, asimame."

Ikawa hivyo. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kutoka zamu, Gregori alimweleza Ameir shida yake. Ameir akafunga dirisha la kibanda, akakaa wima, mikono magotini.

"Haya, simama ulonge. Mimi ndo kanisa."

"Wewe Mwislamu utakuwaje kanisa?"

"Yakhe, kwa leo tu. Usinipotezee wakati, waumini wanasubiri."

Gregori akasimama. Akafungua mdomo. Nje gari likapiga honi, akakimbia kulifungulia, akashukuru.

"Umeona?" Ameir akasema aliporudi, na safari hii hakucheka. "Ukinyamaza na leo, yule mzee atakwenda huko afe akijua hakuna amjuae. Na wewe ndo uliyemwita."

Misa ilikuwa saa nane mchana. Mzee Mitri alifika amevaa suti nyeusi ya kizamani na viatu vilivyong'aa kama jicho la ng'ombe. Gregori alimkalisha nyuma ya nguzo, pembeni yake. Wakati wa nyimbo mzee alitazama ngoma, akatazama akina mama wakicheza taratibu kwenye mstari wa sadaka, akina baba wa Kongo katika mashati ya maua. Hakuelewa neno. Wakati wa komunyo alibaki amekaa, mikono imefumbatana.

Kisha Mama Leokadia akaja mbele na matangazo. Akasema ya mazishi, ya ubatizo, ya mtu aliyesahau bakuli la pilau. Halafu akafika pale.

"Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenye wageni wasimame."

Akasimama mama mmoja na dada yake kutoka Gaithersburg. Akasimama kijana na mchumba wake, watu wakapiga vigelegele mpaka mchumba akaficha uso. Salamu zikatolewa, zikapokewa.

Gregori hakusimama. Alitaka. Mama Leokadia alitazama nyuma, upande wa nguzo, akangoja. Watu wachache wakageuza shingo. Kipkemboi alikuwa akitabasamu.

"Kama hakuna wengine..." Mama Leokadia akasema taratibu, kama anayefunga mlango huku akitumaini mtu atauzuia.

Mzee Mitri hakujua kinachoendelea. Alikuwa ameinamia viatu vyake vyeusi, akivitazama. Gregori akaona jinsi alivyovipaka dawa mpaka kwenye mshono. Mzee alijiandaa. Alikuja kama mtu anayekwenda kuonana na wakwe, na kesho angepanda basi akiamini kwamba rafiki yake alimdanganya vizuri.

Gregori akasimama.

Kiti kilianguka nyuma yake, watu wote wakageuka. Maneno aliyoyapanga yote yakatawanyika kama kuku.

"Tumsifu Yesu Kristu," akasema.

"Milele na milele, amina!"

Akainua kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha.

"Huyu," akasema, "ni fundi viatu. Anaitwa Mitri. Kwao... kwao ni Antiokia." Mtu mmoja akaguna, kicheko kidogo kikapita. "Ile ile," Gregori akasema, na sauti ikapanda yenyewe. "Anadhani hatuijui. Anadhani duniani hakuna anayeijua."

Akakwama. Na hapo, kwa kuwa hakuwa na kingine kichwani, likamjia swali ambalo katekista wa Rombo aliwauliza watoto waliokaa chini kwenye nyasi, wakalijibu wakiwa na njaa ya mchana, mwaka baada ya mwaka. Akaliuliza kama alivyoulizwa.

"Wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristu mara ya kwanza katika mji gani?"

Hakuna aliyesubiri mwingine. Waliofundishwa Bukoba, waliofundishwa Bukavu, waliofundishwa Eldoret na Machakos, wazee kwa vijana, wote walikuwa wamekaa kwenye nyasi ile ile. Jibu lilipanda kwa pamoja likagonga dari:

"Antiokia!"

Mzee Mitri akainua kichwa.

Hakuhitaji mkalimani. Jina la mji wake lilikuwa limesemwa na midomo yote ya chumba kile, na watu wa ngozi ambayo hakuwahi kuiona utotoni mwake, na walilisema bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina la mama yake. Mzee akasimama polepole, akishika nguzo. Padri Tobias, padri kijana aliyekuwa masomoni Washington, alishuka altareni akaja mpaka katikati ya kanisa, akasimama, akawa kama mtu aliyesahau alichojia.

Mzee akasema kwa Kiingereza chake, na Gregori, bado amesimama, akakigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, bila hata kutambua kwamba anaongea.

"Mimi si askofu. Mimi si padri. Hakuna aliyenituma." Mzee akapangusa masharubu. "Lakini mimi ndiye niliyepo. Kanisa la Antiokia linawasalimu."

Kila mtu alijua neno la kuitikia. Walikuwa wamelisema sasa hivi kwa wageni wa Gaithersburg. Lakini lilikuwa zito kulinyanyua. Salamu za namna hiyo walizoea kusomewa, zimeandikiwa watu waliokufa zamani. Hawakuwahi kuwa wao wenyewe wanaosalimiwa. Mama mmoja wa Kongo akapiga magoti pale pale kati ya viti. Kipkemboi alikuwa amevua kofia ambayo hakuna aliyejua ilikuwa bado kichwani.

"Ndugu zangu," Padri Tobias akasema, "sisi hatukuwa Wayahudi. Mlango wetu sisi, watu wa mataifa, ulifunguliwa katika mji wa huyu mzee. Huko ndiko mitume walikokaa meza moja na watu kama sisi. Huko ndiko walikofunga na kusali, wakawawekea mikono wale waliotumwa. Basi mpokeeni."

"Tumezipokea," watu wakasema. Walisema chini chini, kama wanaoogopa kumwamsha mtu.

Mama Leokadia ndiye aliyekumbuka desturi mpaka mwisho wake. Salamu ikipokewa, hurudishwa. Akamwendea mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama Wahaya wanavyofanya. "Mwambie, Gregori. Awapelekee za kwetu. Awaambie tupo."

Mzee aliposikia, akasikitika. Yeye haendi Antiokia, anakwenda Michigan. Labda hataiona tena. Yupo kaka yake kule, mlinzi wa kanisa, lakini...

"Ana simu?" Gregori akauliza. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, kwenye kadi ya kumpigia Irene, ambayo jana hakuitumia.

Simu ya kutumbukiza sarafu ilikuwa ujiani, nje ya mlango. Kanisa zima lilimfuata mzee, waliokosa nafasi wakabaki ngazini. Gregori akakwangua kadi, akabonyeza tarakimu ndefu, mzee akamalizia za kaka yake alizozihifadhi kichwani. Ikaita. Kule ilikuwa usiku, lakini ulikuwa usiku wa mkesha wa Petro, na wengi wa kanisa lao hawajalala. Mzee akaongea Kiarabu, lugha ya Wakristu wa kwao, kwa haraka, akacheka, akalia, akaonyesha kwa mkono watu ambao kaka yake hakuweza kuwaona. Kisha akamtolea Gregori mkono wa simu.

"Haniamini," akasema. "Anasema nimekunywa. Mwambie wewe."

Gregori akaushika. Ndani yake palikuwa na mvumo kama upepo kwenye migomba, na nyuma ya mvumo pumzi ya mzee mwingine, akingoja.

"Tumsifu Yesu Kristu!" Gregori akasema kwa nguvu.

Nyuma yake, ujia mzima na ngazi zote ziliitikia mpaka vioo vikalia: "Milele na milele, amina!"

Upande wa pili sauti ya yule kaka ikasema jambo, ikalisema tena, ikivunjika, na nyuma yake zikasikika sauti nyingine, za watu walioamshwa au walioitwa kutoka chumba cha pili, zikilichukua na kulirudia. Gregori hakujua neno hata moja. Alisimama amebana simu sikioni, macho yamefumbwa, mpaka kadi ikaisha na ule mvumo ukakatika.

"Wanasemaje?" Mama Leokadia akauliza. "Wamezipokea?"

Gregori akageukia watu. Wa mwisho kabisa walikuwa wamesimama barazani, mbali, wakinyosha shingo, nao walimsikia vizuri.

"Wamezipokea," akasema.